Anza na Kidole, Jiwe Litafuata

Juzi msomaji mmoja aliniandikia hivi: "Dada, habari za kazi. Nimeshanunua almasi ya maabara, karati tatu, ya mviringo, cheti kipo. Nibunie pete ya kuendana nayo. Nitumie michoro mitatu au minne nichague." Nilitaka kumjibu faraghani, lakini ujumbe wa aina hii naupokea mara kwa mara, kutoka kwa wanaoposa, wanaojizawadia wenyewe, hata mafundi wachanga wanaotaka kuingia katika kazi hii. Wote huamini kwamba jiwe likishapatikana, kazi kubwa imekwisha. Basi namjibu hapahapa, na wengine mnisikie.

Jiwe siku hizi ndilo jambo jepesi kuliko yote.

Nilipokuwa najifunza usonara tulikuwa tunaanza na jiwe kwa sababu hatukuwa na la kufanya. Almasi ya mgodini ilimeza sehemu kubwa ya fedha ya mteja, kwa hiyo fundi alikabidhiwa kijiwe kwenye karatasi iliyokunjwa, akaambiwa akitengenezee makao. Ukubwa hakuuchagua yeye, umbo hakulichagua yeye, na kilichobaki cha kulipia dhahabu na mikono yake kilikuwa makombo. Almasi ya maabara imepindua mpangilio huo. Leo naweza kusema nataka jiwe la milimita fulani kwa milimita fulani, na nikalipata. Naweza kutafuta mawili yanayolingana rangi na kipimo kwa ajili ya hereni bila kuzunguka miezi. Mteja anabakiwa na fedha ya kulipia metali nzuri na kazi nzuri. Mtu anayenunua jiwe kwanza, halafu ndiyo atafute wazo, anaendesha bidhaa mpya kwa kanuni za zamani, na nafasi yote aliyopewa anaiacha imwagike.

Kwa wageni wa mambo haya nieleze kwa kifupi, maana bila hili mengine hayataeleweka. Almasi ya maabara ni almasi. Ni kaboni ileile, ugumu uleule wa 10 katika kipimo cha Mohs, na hupinda mwanga kwa kiwango kilekile cha 2.42. Kampuni ya ASEA ya Sweden waliipata mwaka 1953 wakakaa kimya. General Electric ya Marekani wakaipata Desemba 1954 na kuitangaza mwaka uliofuata, ndiyo maana sifa nyingi ziliwaendea wao. Wakati huo zilikuwa chembechembe za kukatia na kusagia, si za kuvaa. Njia zinazotumika sasa ni mbili. Ya kwanza, HPHT, ni ya mgandamizo mkubwa mno na joto la zaidi ya nyuzi 1,300: kaboni inayeyukia ndani ya metali kama chuma na nikeli, kisha inajijenga juu ya mbegu ndogo ya almasi. Ya pili, CVD, hutumia gesi ya methani na hidrojeni inayogeuzwa plazma, na kaboni hutua tabaka juu ya tabaka kwenye kibapa cha almasi. Jiwe la kuvaa huchukua wiki kadhaa kukua. Mwaka 2018 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ililiondoa neno "asili" kwenye maelezo yake ya almasi ni nini. Ungedhani hapo ubishi wa "feki" ungezikwa.

Haukuzikwa. Mzee aliyenifundisha kazi, fundi ambaye mikono yake naiheshimu mpaka kesho, aliniambia nisiweke "mawe ya kiwandani" juu ya meza yake. Hakupandisha sauti. Alikuwa anasugua pete kwa msasa, akayasema maneno hayo bila kuinua macho, akaendelea kusugua. Nilibeba vifaa vyangu nikahamia kona yangu mwenyewe, na sitawaficha, kwa muda mrefu nilifanya kazi kwa hasira ya kutaka kumwonyesha. Siku hizi baadhi ya wateja wake hunipigia mimi. Sisemi hivyo kwa kujitapa. Haya, labda kidogo.

Lakini kilichoniuma kwa kweli kilitoka kwa mteja.

Nilimtengenezea pete ya jiwe moja, almasi ya HPHT, nyeupe yenye dokezo la ubuluu ukiitazama kwa ubavuni. Kwenye risiti niliandika kwa mkono wangu: almasi ya maabara. Aliisoma, akatia sahihi, akaondoka anatabasamu. Kumbe nyumbani alisema "almasi" akaishia hapo. Jamaa mmoja wa familia, mtu wa kuchimbachimba mambo, akaichukua pete hadi duka fulani la vito. Wakaigusa kwa kile kikalamu cha kupimia, taa ikawaka upande wa moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi. Muuzaji hakuuliza la pili. Alitamka mbele ya watu kwamba hii si almasi, mmepigwa.

Jioni ile nilipigiwa simu nikaitwa tapeli. Aliyeniita hivyo ni yuleyule aliyesoma risiti.

Sasa sikilizeni, maana hili litawakuta na nyinyi. Vikalamu vya kawaida hupima jinsi jiwe linavyopitisha joto, na kwa kipimo hicho almasi ya mgodini na ya maabara hazitofautiani hata kidogo. Moisanaiti nayo hupitisha joto vizuri, ndiyo maana vikalamu vilivyoboreshwa huongeza kipimo cha umeme ili kuinasa. Shida ni kwamba almasi nyingine za HPHT zina chembe za boroni, na boroni huifanya almasi ipitishe umeme. Ubuluu ule wa ubavuni ulitoka hukohuko. Kikalamu kikihisi umeme kinatangaza moisanaiti, na muuzaji anayekiamini kuliko macho yake anatangaza pamoja nacho.

Walikuja na pete kwangu, watu wengi kuliko viti. Niliwapa lenzi ya kukuza mara 10 nikawaomba waliinamishe jiwe kidogo, wasilitazame kwa juu moja kwa moja. Moisanaiti huugawa mwanga, kwa hiyo mistari ya nyuso za nyuma huonekana miwilimiwili. Kwenye pete yao kila mstari ulikuwa mmoja, mkali, umetulia. Kisha nikawaonyesha kiuno cha jiwe, ule ukanda mwembamba unaotenganisha juu na chini. Pale kuna namba iliyoandikwa kwa leza, ndogo kiasi kwamba bila lenzi huioni. Nikaweka cheti pembeni, wakasoma tarakimu moja baada ya nyingine. Yule jamaa alitazama muda mrefu, akanirudishia lenzi, akasema, "Sawa."

Sawa! Hakuna aliyesema samahani, si yeye, si mteja wangu. Na mpaka leo hunifikia maneno kwamba yule dada anauza mawe yenye utata.

Kwa hiyo, kabla hata ya kushika penseli, swali langu la kwanza kwa mteja ni: watakaoiona hii pete utawaambia nini? Wengine hukasirika wakidhani nawaingilia. Siwaingilii. Ukiona aibu kusema jiwe limetoka wapi, basi tutabuni pete ya kujificha: tutaiga umbo la kale, tutaogopa ukubwa, tutaogopa rangi, na kila mtu atakayeinyooshea kidole atakutia jasho. Ukiwa radhi kulisema, mlango unafunguka. Tunaweza kufanya mambo ambayo kwa almasi ya mgodini yangebaki ndoto kwa watu kama mimi na wewe. Mwaka 2018 wabunifu Jony Ive na Marc Newson walibuni pete iliyochongwa yote kutoka kwenye almasi iliyokuzwa maabara, haina dhahabu wala kiti cha jiwe, pete nzima ni almasi, na ikapigwa mnada Sotheby's kwa ajili ya hisani. Sikusikia mtu akiwauliza kama ni feki. Sisi hatufiki huko, ila ujasiri hauuzwi.

Basi semeni. Semeni kwa mchumba, semeni kwa mama mkwe, semeni kwa muuzaji anayetaka kuipima. Na fundi, andika kwenye risiti, kila risiti, hata ya pete ndogo ya vijiwe vya pembeni. Nitarudia hili.

Sasa nije kwenye kubuni kwenyewe. Kazi ninayojivunia kuliko zote ni pete ambayo ukiiona mbali hutadhani ina cha ajabu. Alikuja muuguzi, na picha zake zote zilikuwa za pete moja: jiwe la mviringo la karati mbili, makucha sita, yaani vile vijino vya metali vinavyolishika jiwe, limenyanyuliwa juu, na duara la vijiwe vidogo limelizunguka. Nilimwuliza anafanya kazi gani, akaniambia. Nikamwuliza anavaa glavu mara ngapi kwa siku, akacheka tu.

Sikumkatalia. Nilimchongea ile ile aliyoitaka, kwa nta, nikampa avae. Jozi ya glavu alikuwa nayo mkobani. Glavu ilipita ncha ya kidole, ikafika kwenye pete, ikanasa kwenye kucha moja, akaivuta. Ikachanika kuanzia pale hadi kiganjani. Alikaa anaiangalia. Mimi nilikaa kimya, kwa sababu hakuna hotuba ya fundi inayoweza kushindana na glavu iliyochanika.

Hapo ndipo nikafungua daftari. Jiwe la mviringo la karati mbili lina upana wa milimita 8 hivi, na kimo chake hukaribia 5. Ncha ya chini haitakiwi iguse ngozi, kwa hiyo ongeza nafasi chini yake, na tayari una mnara kidoleni. Hakuna kucha wala kiti kitakachoufuta mnara huo, kwa sababu urefu umo ndani ya jiwe lenyewe. Lakini jiwe la milimita 4, ambalo ni kama robo karati, kimo chake ni milimita 2.5 tu. Unaweza kulizamisha ndani ya dhahabu nene kiasi, uso wake ukabaki sawa na uso wa pete. Kwa hiyo badala ya jiwe moja kubwa nilimchorea matano ya milimita 4, yamepangwa mstari mmoja ndani ya pete pana, hakuna kucha, kila jiwe limezungukwa na ukuta wa dhahabu ulioinamishwa juu ya kiuno chake. Ukipitisha kidole juu huhisi kitu cha kunasa.

Mnaona kilichotokea? Mkono ulichagua pete, pete ikachagua mawe. Kama angekuja ameshanunua ile karati mbili, tungekuwa tunabishana na jiwe.

Kuyapata hayo matano kulinipa kazi, na hapa ndipo nawaomba mnisikilize vizuri wale mnaotaka kuwa mafundi. Muuzaji alinitumia mawe yote ya daraja moja la rangi, yaani herufi moja ya weupe. Kwenye karatasi yalikuwa sawa. Niliyapanga kifudifudi, uso wa juu umelala kwenye karatasi nyeupe iliyokunjwa, maana ukiyatazama kwa juu mng'ao unakudanganya. Rangi ya mwili wa jiwe inaonekana kwa nyuma. Manne yalikuwa meupe safi. La tano lilikuwa na ukahawia hafifu, kitu ambacho peke yake usingekiona, lakini likikaa katikati ya ndugu zake linaonekana mgeni. CVD huwa na tabia hiyo ya ukahawia, HPHT huwa na ile ya ubuluu, na muuzaji akichanganya za njia mbili kwenye bahasha moja, herufi ya daraja haitakuokoa. Alinijibu kwamba daraja ni lilelile. Nikamrudishia. Akaniletea jingine, nalo nikalipanga kifudifudi.

Wateja hunilaumu kwamba nachelewesha. Nachelewesha, ndiyo.

Pete ya muuguzi ilipotoka kwenye kalibu, ikapigwa tupa, ikasuguliwa, mawe yakaingia, nilimpa na glavu mpya. Iliingia bila kelele. Anaivaa kazini, anaivaa nyumbani, na wenzake wawili wamekuja kuagiza. Hakuna aliyeniomba karati mbili.

Nikitoa ushauri, basi, ushauri wangu ni ule ule: anza na mkono. Mkono huo unafanya nini kutwa? Unafua, unachapa, unabeba mtoto, unashika spana, unapiga gitaa? Fundo la kidole ni nene kuliko shina lake? Pete lazima ilivuke fundo halafu isizunguke ikishafika. Pima kidole zaidi ya mara moja, maana huvimba kwenye joto na kunywea kwenye baridi; na kama pete ni pana, ongeza kipimo kidogo, kwa kuwa pete pana hubana kuliko nyembamba ya kipimo kilekile. Nimeona watu wanatumia mwezi mzima kuchagua kati ya daraja E na F la rangi, halafu kipimo cha kidole wanakikisia kwa uzi.

Achaneni na karati kama kipimo cha ukubwa. Karati ya jiwe ni uzito, gramu 0.2, basi. Mawe mawili ya uzito mmoja yanaweza kuonekana tofauti kabisa, kwa sababu moja limeficha uzito wake tumboni. Omba milimita. La mviringo la karati moja lililokatwa vizuri linakaribia milimita 6.5 kwa upana. Ukiletewa la 6.1, ujue unalipia tumbo. Kata kipande cha karatasi cha ukubwa huo, kiweke kidoleni, kitazame kwenye kioo badala ya kukiangalia kwa karibu kama mhasibu. Watu wengi wakifanya hivyo hushusha oda yao wenyewe. Wengine huipandisha, nao pia wana haki yao.

Maumbo, niseme haraka. Jiwe la mkato wa ngazi, lile la mstatili lenye nyuso ndefu kama vioo vya dirisha, huonyesha kila doa, kwa hiyo hapo usafi ndio wa kulipia. La mviringo husamehe mengi. Yai na tone huwa na kivuli cheusi katikati, chenye umbo la tai ya shingoni, na hakuna cheti kitakachokuambia kivuli hicho ni kikubwa kiasi gani, omba video. Yenye ncha, kama tone au mraba wa pembe kali, yalindwe pembe zake kwa kucha zilizokunjwa. Ni kweli almasi haikwaruzwi kirahisi, lakini ugumu na uimara ni mambo mawili. Almasi ina pande ambazo ikigongwa vibaya hupasuka, na iliyokuzwa maabara imeumbwa vilevile.

Kuhusu metali nina upendeleo na siufichi. Dhahabu ya njano ya karati 18 (kwa dhahabu karati ni usafi, si uzito), yaani asilimia 75 dhahabu halisi, ndiyo chaguo langu kwa mikono mingi, kwa kuwa inasamehe jiwe lenye umanjano kidogo na haihitaji kuvishwa kitu. Dhahabu nyeupe unayoiona inang'aa dukani mara nyingi imepakwa rodiamu, metali nyeupe ing'aayo, na rodiamu huchakaa. Baadaye itarudi kwangu kupakwa upya. Wengine miili yao haipatani na nikeli iliyomo ndani yake, kwa hiyo uliza mchanganyiko kabla ya kuvaa. Platinamu ni nzito, nyeupe kweli, na ikikwaruzwa metali husogea kuliko kubanduka. Inamtesa fundi, lakini mvaaji hufurahi. Mtu akiniletea jiwe la rangi ya juu kabisa halafu akataka makucha ya njano, namwambia ukweli: umelipia weupe, sasa unaupaka rangi.

Na mfano. Jamani, mfano! Usikubali kutengenezewa pete uliyoiona kwenye skrini tu. Picha ya kompyuta huifanya pete ielee hewani, haina kidole, haina uzito, na kila kitu kinaonekana chembamba na cha kupendeza. Omba nta, au resini iliyochapwa kwa mashine, au mfano wa madini ya fedha. Ivae siku nzima. Ingiza mkono mfukoni, chana nywele, vaa sweta. Kama kuna pete nyingine itakayokaa jirani yake, ilete tuzipange pamoja, maana kiti kilichoshuka sana hakiachi nafasi ya jirani, na utalijua hilo kwenye nta, ambapo kurekebisha ni dakika chache za kisu. Kwenye dhahabu ni kuyeyusha upya. Na ukitaka pete iliyozungushiwa mawe pande zote, kumbuka haina mahali pa kukatwa ikibana siku za usoni.

Vyeti vimebadilika pia. GIA, taasisi ya vito ya Marekani, ambao ndio walioufundisha ulimwengu daraja za rangi kutoka D hadi Z, tangu mwaka 2025 wameacha kuzipa almasi za maabara herufi hizo. Sasa wanazigawa makundi mawili tu, la juu na la kawaida, na isiyofika hapo haipati. Maabara nyingine bado zinatoa herufi. Kwa mbunifu hilo si msiba. Linakulazimisha kutumia macho, jambo ambalo tungepaswa kulifanya tangu mwanzo. Ila namba ya kwenye kiuno isomwe kwa lenzi mbele yako, jiwe likiwa bado halijafungwa, na isomwe tena likishafungwa. Mpangie fundi asiifunike kwa kucha. Nilishasema nitarudia: na iandikwe kwenye risiti kwamba ni ya maabara.

Usiniulize kama jiwe hili litakuwa hazina. Bei za almasi za maabara zimeshuka sana, na De Beers wenyewe, wakubwa wa almasi za mgodini, walioanzisha chapa ya Lightbox mwaka 2018 kuuza mawe haya, mwaka 2025 walitangaza kuifunga. Anayekuuzia pete ya almasi ya maabara kwa ahadi kwamba utaiuza kwa faida anakudanganya, na anatuharibia jina sote. Nunua kwa sababu unataka kuivaa. Dhahabu yake ina thamani ya kuyeyushwa. Ubunifu wake una thamani kwako. Vivyo hivyo na lile neno "rafiki wa mazingira" ambalo kila tangazo limelikumbatia. Mitambo hii hula umeme mwingi, na umeme huo unaweza kutoka kwenye maji au kwenye makaa ya mawe. Mwaka 2019 ile tume ya Marekani iliziandikia kampuni kadhaa barua za onyo juu ya matangazo ya namna hiyo. Ukitaka kulisema neno hilo, mwulize muuzaji umeme wake unatoka wapi, na akupe jibu la maandishi. Mimi kwenye risiti zangu silitumii.

Jambo moja la ukarabati, kwa kuwa limenikera mwezi huu. Pete yangu moja ilipelekwa kwa fundi mwingine kupanuliwa. Ilirudi jiwe limefifia, lina utando mweupe juu kama kioo kilichopumuliwa. Almasi ni kaboni; ukiipiga moto mkali kwenye hewa bila kuilinda, uso wake unaungua. Kabla ya kuunguza dhahabu jirani na almasi, fundi huipaka asidi ya boriki iliyoyeyushwa kwenye spiriti, iwashwe, ibaki kanzu nyeupe ya kuzuia oksijeni. Hilo si siri, ni somo la mwanzo. Jiwe lilibidi liondolewe likasuguliwe upya, na likapungua uzito. Fundi yule alimwambia mteja kwamba ndivyo mawe ya maabara yalivyo. Sivyo. La mgodini lingeungua vilevile. Kwa hiyo ukipeleka pete yako kwa fundi usiyemjua, mwambie ni almasi, mwambie ni ya maabara, na mwulize atailindaje kwenye moto. Akikujibu kwa kigugumizi, chukua pete yako uondoke. Na kila mwaka ipeleke ikaguliwe makucha. Kucha iliyochakaa haikuarifu siku inayoachia.

La mwisho ni la michoro, na hapa nitaongea kama dada mkubwa. Watu huniomba "michoro mitatu minne nichague" kana kwamba inamwagika yenyewe kutoka kwenye penseli. Mchoro wangu unabeba vipimo, unene wa ukuta, kimo cha kiti, nafasi ya kila kucha. Nimewahi kuichora bure, nikaikuta imetengenezwa na mtu mwingine, makosa ya kunakili yakiwa mumo humo, na jiwe linatikisika. Sasa mchoro una gharama yake, unalipwa kabla, na ukiagiza pete kwangu gharama hiyo inaingia kwenye hesabu ya kazi. Ukitaka mchoro peke yake ukatengeneze kwingine, sema hivyo mapema. Nitauchora, nitaandika jina langu pembeni, na fundi wako akikwama kwenye vipimo anipigie.